Mshindi wa mnada hajalipa: nimsubiri, nimpe wa pili, au nirudie kwa dipoziti?

CherehaniKsm (Kisumu), Jumatano saa 1:40 asubuhi

Habari za asubuhi wakuu. Nataka mawazo yenu, ikiwezekana kabla ya jioni. Niliweka kitu mnadani kwenye kundi letu la WhatsApp, mnada ukafungwa Jumapili saa tatu usiku. Aliyeshinda hajamaliza kulipa mpaka leo. Nikimwandikia ananijibu "kesho bosi", nikipiga simu inaita tu. Wa pili wake naye kila siku anauliza kama bado ipo.

Naona njia tatu. Nimsubiri huyu mpaka mwisho wa mwezi kama anavyoomba. Au nimpe wa pili. Au nifute yote, nianze upya, na safari hii kila anayetaka kutaja bei atume dipoziti kwanza. Nina vitu vingine viwili vya kuuza kwa njia hiyo hiyo, kwa hivyo nataka utaratibu mmoja nishike. Ipi haina kuumwa na kichwa?

Omera_Kondele (Kisumu), saa 1:52 asubuhi

Ndugu omera, kitu gani? Bei gani? Unataka msaada na umeficha kila kitu. Simu ya elfu tano na ng'ombe wa elfu tisini si kesi moja.

Mulembe_Kkm (Kakamega)

Mulembe. Mimi nauliza kitu kimoja tu: kwenye tangazo uliandika mtu ana muda gani wa kulipa? Kama hukuandika, hiyo "mwisho wa mwezi" yake ina uzito sawa na "leo" yako.

Mama wa Pipeline (Nakuru)

Mpe wa pili, leo leo. Anayelipa hulipa usiku ule ule, hata kama ni kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Anayeanza na "kesho bosi" ana safari ndefu na utaenda nayo wewe.

CherehaniKsm (Kisumu), saa 3:15 asubuhi

Ni cherehani ya kiwandani, Juki ya sindano moja, pamoja na meza na mota. Ilikuwa ya shangazi yangu, alikuwa anashona sare za shule, sasa amefunga duka. Ilifika 31,500. Wa pili alisimama 31,000. Kwenye tangazo niliandika "anayeshinda alipe mara moja, achukue mwenyewe Kisumu". Hivyo viwili vilivyobaki ni overloki moja na Singer ya kukanyaga.

Omera_Kondele (Kisumu)

"Mara moja" ni saa ngapi?

Mulembe_Kkm (Kakamega)

Ndio hapo sasa. Andika saa. "Jumatatu saa sita mchana, ikipita anaitwa wa pili." Mtu akisoma hivyo kabla ya kutaja bei, hana la kujitetea. "Mara moja" ya mfanyakazi wa mshahara ni tarehe thelathini.

SarafuZaSimba (Kisumu), saa 4:02 asubuhi

Niseme kidogo kwa sababu mnada ndio kazi yangu ya jioni. Nauza sarafu za kale za Afrika Mashariki, zile shilingi zenye simba za enzi za King George, na stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye eBay, ule mtandao wa minada. Wasiolipa nawapata kila wakati, na wengi wako Marekani na Uingereza, kwa hivyo tusijidharau kwamba hii ni tabia ya Kisumu.

Kule hakuna kubembelezana. Mnunuzi ana siku nne za kulipa. Zikipita, muuzaji anafuta mauzo, anachagua sababu kwamba mnunuzi hajalipa, ada ya mauzo aliyokatwa inarudishwa, na yule mtu anabaki na alama kwenye akaunti. Mimi kwenye mipangilio nimewafungia mlango wale wenye alama mbili ndani ya miezi kumi na miwili, hawawezi hata kutaja bei kwangu. Halafu kuna ile nafasi ya pili: unamtumia aliyeshindwa pendekezo kwa bei aliyoitaja YEYE, na ana hiari ya kukataa. Kwa hivyo ndugu, ukimgeukia wa pili usimwambie alipe 31,500. Alisema 31,000, mchukulie hapo.

Ila pia msiende mkidhani kule ni peponi. Tangu 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya. Yeye anaweza kukuchafua mbele ya dunia nzima, wewe unaweza kumsifu au kunyamaza.

Mwalimu Mstaafu (Siaya)

Asante SarafuZaSimba, umeeleza vizuri, lakini kuna hesabu umeiruka. Bei ya 31,000 ilitoka wapi? Wa pili hakuamka asubuhi akasema 31,000. Alikuwa anashindana na mtu. Kama yule mtu hakuwa na pesa, basi wa pili alikuwa anapandishwa na kivuli. Ukimtoa mshindi hewa, mashindano ya kweli yalikuwa kati ya wa pili na wa tatu. Kwa haki, wa pili angelipa hatua moja juu ya wa tatu. Kijana, wa tatu alisimama wapi?

CherehaniKsm (Kisumu)

Mwalimu, wa tatu alisimama 24,000.

Omera_Kondele (Kisumu)

Elfu saba za hewa! Sasa niulize kwa heshima, na usikasirike. Huyo mshindi asiyepokea simu unamjua? Si binamu yako aliyetumwa kuchangamsha mnada, kwa bahati mbaya akashinda?

CherehaniKsm (Kisumu)

Hapana kaka. Ni mtu wa Ahero, ana duka lake la nguo, si ndugu yangu na hajawahi kuwa. Hayo ya kuchangamsha sifanyi.

SarafuZaSimba (Kisumu)

Mwalimu, naheshimu hesabu yako lakini siikubali yote. Wa pili ni mtu mzima. Alipoandika 31,000 alikuwa tayari kuitoa, hakuna aliyemshika mkono. Kama aliona cherehani ina thamani ya 31,000 Jumapili, Jumatano imeshukaje kuwa 24,500?

Mwalimu Mstaafu (Siaya)

Alikuwa tayari kwa sababu aliamini kuna mwingine aliye tayari. Soko ndivyo lilivyo. Simwambii kijana auze 24,500, namwambia asishangae wa pili akianza kuomba apunguziwe. Mimi ningeomba.

FundiNjoro (Njoro), saa 5:30 asubuhi

Niko kazini lakini hii imenishika. Juki gani hiyo? DDL-8700, au zile za zamani zaidi? Na mota ni ya klachi au servo? Haya mambo ndiyo bei yenyewe. Hamwezi kujadili kama 31,000 ni hewa na hamjui mota.

Mama wa Pipeline (Nakuru)

Fundi, mtu anauliza habari ya pesa wewe unauliza mota.

FundiNjoro (Njoro)

Mama, mota NI pesa. Ya klachi ukiwasha swichi inazunguka mchana kutwa, ushone usishone, na stima inahesabu. Servo inazunguka ukikanyaga tu, na haina kelele. Mtu akishinda mnada, akaambiwa na fundi wake kwamba hiyo ni ya klachi, ataanza "kesho bosi" na hutajua kwa nini.

Omera_Kondele (Kisumu)

Njia ya nne hii hapa: Ahero ni karibu. Weka cherehani kwenye tuktuk au pikapu, mpelekee dukani kwake, alipe akiiona. Mtu akishaona mali mlangoni hana namna ya kukimbia.

Mama wa Pipeline (Nakuru), saa 6:20 mchana

Omera mwanangu, usimpe mtu ushauri huo. Wacha niwasimulie, na mtanisamehe kwa urefu.

Mwaka juzi niliuza mashine ya kutotolesha vifaranga, ile ya mayai 264, kwa mnada kwenye Facebook. Ilifika elfu kumi na saba. Akashinda jamaa wa Busia. Usiku ule ule akanipigia, sauti ya adabu, ananiita mama, anauliza hata kuku wangu ni wa aina gani. Tukafika kwa malipo. "Mama, mimi nimeshaumizwa na matapeli. Itume kwa basi, nikiiona stendi natuma pesa papo hapo, karani ashuhudie." Nikafikiri, si vibaya, mzigo utakaa ofisi ya parseli na hautatoka mpaka niseme. Nikatafuta katoni, nikaziba mianya kwa trei za mayai za karatasi, nikaandika DAWA, GLASI kila upande ili wapakiaji waogope, nikalipa nauli.

Ikafika. Nikapiga simu. Yuko matangani. Kesho yake, matangani. Halafu akasema amefika stendi akakuta ofisi imefungwa. Nikapigia ofisi, wako wazi tangu alfajiri, hawajaona mtu. Halafu M-Pesa ikawa imemkatalia, ati amefikisha kikomo. Elfu kumi na saba! Na M-Pesa inapitisha hadi 250,000 kwa mara moja. Mtu akinunua mashine ya elfu kumi na saba siku aliyotuma nusu milioni, basi anaweza kunitumia dereva wake.

Nikamwambia narudisha mashine. Dakika kumi hazikupita, ujumbe ukaingia: nimepokea Ksh 17,000 kutoka kwake. Nikautazama. Umetoka kwa namba ya simu ya kawaida, haukuandikwa MPESA pale juu, na salio waliloniwekea sijawahi kuwa nalo tangu nizaliwe. Nikapiga *334#, salio langu halisi lilikuwa pale pale na mia zake mbili. Kumbe muda wote ule wa matanga alikuwa ananipima kama mimi ni wa kuamini ujumbe.

Ofisi ya parseli nayo ilikuwa imeshaanza kutoza ya kuhifadhi. Nikalipa ya kuhifadhi, nikalipa ya kurudisha. Ilipofika Nakuru trei mbili zimepasuka, na kipimo cha joto kinasoma nyuzi 41 mashine ikiwa imezimwa. Yai la kuku linataka 37.5 hivi. Vifaranga gani watatoka hapo, wa kuchemsha? Aliichukua fundi wa redio kwa bei ya vyuma.

Kwa hivyo mzigo wangu hautoki kwangu sasa mpaka niione pesa kwenye salio, si kwenye ujumbe. Hata awe pasta.

Mulembe_Kkm (Kakamega)

Pole sana mama. Busia ya kwetu au ya Uganda?

Mama wa Pipeline (Nakuru)

Alisema ya Kenya. Alisema mengi.

FundiNjoro (Njoro)

Na cherehani ya kiwandani ndiyo mbaya zaidi kusafirisha, msiichukulie kama Singer. Ile ina sinia la mafuta chini ya kichwa. Ukiilaza kwenye pikapu bila kumwaga mafuta, yote yanaishia kwenye meza na kwenye mota. Mwaga mafuta, fungua mkanda, toa kichwa kwenye bawaba zake, kifunge peke yake kwa blanketi. Meza iende peke yake. Nasema hivi kwa yeyote atakayeichukua, awe wa kwanza au wa pili.

WakiliAsiyeOfisi (Bungoma), saa 8:05 mchana

Nimesoma posti ya kwanza tena. Umeandika "hajamaliza kulipa". Kwani alianza?

CherehaniKsm (Kisumu)

Alituma 3,000 Jumatatu mchana. Akasema ni ya kushikilia.

Omera_Kondele (Kisumu)

Na unatuambia saa nane, baada ya sisi kumhukumu mtu tangu alfajiri!

WakiliAsiyeOfisi (Bungoma)

Basi hapo kesi imegeuka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mauzo ya mnada yanakamilika nyundo inapoanguka, au kwa namna nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo anayetaja bei anaweza kujiondoa, baada ya hapo hawezi. WhatsApp haina nyundo, lakini ukiandika "IMEFUNGWA, mshindi ni fulani" hiyo ndiyo nyundo yako. Sheria hiyo hiyo inasema mauzo ya kuanzia shilingi 200 hayadaiwi kortini mpaka kuwe na maandishi, au mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au ametoa kitu cha kufunga mapatano au sehemu ya bei. Hizo 3,000 zimefunga. Ukimpa wa pili cherehani leo bila kumwambia wa kwanza, mwenye kesi atakuwa yeye.

Sasa upande wako. Mali iko mkononi mwako na hujalipwa yote, kwa hivyo una haki ya kuishikilia. Pia una haki ya kuiuza tena, lakini kwanza mpe taarifa kwamba unakusudia kuuza, na umwachie muda unaofaa. Mwandikie leo: asipomaliza 28,500 kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni, inauzwa kwa mwingine. Usiandike matusi. Weka kiasi, siku na saa, kisha hifadhi huo ujumbe. Ikiuzwa kwa bei ya chini unaweza kumdai pengo. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi milioni moja, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60.

Na wewe Omera, swali lako la binamu halikuwa la utani. Muuzaji akijipandishia bei mwenyewe au kupitia mtu wake, bila kutangaza kwamba ana haki hiyo, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai.

Mulembe_Kkm (Kakamega)

Wakili, pengo lenyewe kati ya wa kwanza na wa pili ni mia tano. Nani atapanda ngazi za korti kwa mia tano?

WakiliAsiyeOfisi (Bungoma)

Hakuna. Ndiyo maana nimeanza na ujumbe, nikaitaja korti mwisho.

CherehaniKsm (Kisumu)

Na zile 3,000 akikosa kumaliza, ni zangu?

WakiliAsiyeOfisi (Bungoma)

Mtabishana hapo. Amana hupotea mnunuzi akivunja ahadi. Sehemu ya malipo hurudishwa, ukishakata hasara yako halisi. "Ya kushikilia" inaelekea kuwa amana, lakini yeye atasema alikuwa anapunguza deni. Kama ungeandika mwanzoni tusingeulizana. Mimi ningekata gharama ya simu, ya usumbufu na ile mia tano, nimrudishie zilizobaki, tuachane kwa amani. Ahero na Kisumu mtakutana tena.

Mama wa Pipeline (Nakuru)

Mimi nisingerudisha hata bob.

Mnunuzi_Sugu (Naivasha), saa 10:40 jioni

Nawasoma nyinyi wauzaji mkipanga dipoziti kana kwamba wezi wote wako upande wetu. Neno la kwanza la tapeli wa Facebook ni lipi? "Tuma dipoziti nikuwekee." Mimi sitoi hata mia kabla sijaisikia cherehani ikizunguka. Weka sharti la dipoziti kabla ya kutaja bei, na watu makini kama mimi tutapita. Utabaki na watatu, na bei itasimama elfu kumi na nane.

Tena mjue kwa nini wengine tunachelewa. Kuna siku nilitaja bei kwenye minada miwili nikijua lazima nishindwe mmoja. Nikashinda yote. Ningefanya nini? Nililipa ya kwanza, ya pili nikaomba wiki. Yule muuzaji alikubali, nikalipa, na mpaka leo nanunua kwake. Angenitangaza kwenye kundi angenipoteza.

Omera_Kondele (Kisumu)

Kumbe adui tuko naye humu ndani 😂

Mulembe_Kkm (Kakamega)

Mnunuzi_Sugu ana pointi kwenye dipoziti, lakini kuna njia ya katikati. Kundi letu Kakamega tulishagombana sana juu ya hili. Sasa hivi mgeni, yaani mtu ambaye hajawahi kununua kwetu, anatuma 500 kwa admini. Haziendi kwa muuzaji. Akishindwa anarudishiwa kabla ya kulala. Akishinda inahesabiwa kwenye bei. Akishinda akayeyuka, inaenda kwa muuzaji. Wenyeji hawatoi kitu, wana saa 24, zikipita anaitwa wa pili. Mwenyeji akiyeyuka anarudi kuwa mgeni. Malalamiko yamepungua, siwezi kusema yameisha.

Mnunuzi_Sugu (Naivasha)

Na admini akiyeyuka nazo?

Mulembe_Kkm (Kakamega)

Admini tunajua kwao, na mama yake tunamjua.

SarafuZaSimba (Kisumu)

Mia tano kwa kitu cha elfu thelathini ni ya kuonyesha nia tu, haimzuii mtu kuyeyuka. Lakini ukiweka elfu tatu unawafukuza waaminifu pamoja na wahuni. Kwa overloki na Singer zako, mimi nisingeweka mnada kabisa. Singer ya kukanyaga bei yake inajulikana soko la Kibuye, ukienda Jumapili utaisikia kwa watu watano. Andika bei, andika "anayelipa kwanza anachukua", maliza. Mnada ni wa kitu ambacho bei yake huijui. Ndiyo maana mimi napeleka sarafu mnadani, na kiti changu cha ofisi niliuza kwa bei ya kuandikwa.

Mwalimu Mstaafu (Siaya)

Hapo nakubaliana nawe mia kwa mia, na sisemi hivyo kila siku.

Omera_Kondele (Kisumu)

Mimi bado nataka orodha. Majina na namba za wasiolipa zibandikwe juu ya kundi, kila mtu aone. Mtu wa Ahero akiona namba yake pale atalipa kabla chai haijapoa.

WakiliAsiyeOfisi (Bungoma)

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Ukibandika jina na namba ya mtu mbele ya watu mia mbili kwa sababu amechelewa siku tatu, utajikuta wewe ndiye unayejibu malalamiko. Admini wawe na kumbukumbu yao ndani, wamkatalie kimya kimya mnada ujao.

Omera_Kondele (Kisumu)

Wakili kila kitu ni hatari. Hata kupumua kuna sura yake ya sheria.

CherehaniKsm (Kisumu), Alhamisi saa 2:10 asubuhi

Nilituma ule ujumbe jana jioni, kama alivyosema Wakili, na mwisho ukiwa Ijumaa saa kumi na moja. Safari hii alijibu haraka. Anasema hajakataa, anakuja Jumamosi na fundi wake, waione mota kwanza, ndipo amalize. Kumbe alisikia kwa mtu kwamba ni ya klachi. Kwenye tangazo nilikuwa nimeandika tu "mota iko sawa". Ni ile kubwa, inanguruma ukiwasha.

Wa pili nimemwambia asubiri mpaka Jumamosi. Amesema sawa, lakini ameuliza kama naweza kumfanyia 27,000.

Mwalimu Mstaafu (Siaya)

Si nilisema.

FundiNjoro (Njoro)

NILIULIZA MOTA JANA SAA TANO.

Mama wa Pipeline (Nakuru)

Ijumaa imegeuka Jumamosi. Mimi ninamjua huyu mtu, anaishi Busia.

WakiliAsiyeOfisi (Bungoma)

Mama, mwache aje. Anakuja na fundi, hiyo si dalili ya mtu anayeyeyuka. Ila kijana, muda ukiusogeza, usogeze kwa maandishi: "Jumamosi saa saba mchana ndiyo mwisho." Usiseme kwa simu.

Mnunuzi_Sugu (Naivasha)

Huyo hakuwa mdaiwa sugu, ni mnunuzi aliyenyimwa habari. Picha ya mota ingekuwepo kwenye tangazo angelipa Jumapili usiku, au asingetaja bei kabisa.

SarafuZaSimba (Kisumu)

Au angesema wazi Jumatatu "nina swali la mota", badala ya "kesho bosi" nne mfululizo. Kuna lawama ya kutosha kila mmoja akabeba yake.

Mulembe_Kkm (Kakamega)

Fundi, nami nina Juki ya klachi dukani, token za stima zinaisha kama maji. Nikibadilisha niweke servo, nabadilisha meza pia au inaingia pale pale?

FundiNjoro (Njoro)

Inaingia pale pale, inafungwa chini ya meza kwenye matundu yale yale au unatoboa mapya kidogo. Angalia puli na urefu wa mkanda tu, mara nyingi mkanda ndio unabadilika.

Mulembe_Kkm (Kakamega)

Ya wati 550 inabeba jinzi?

FundiNjoro (Njoro)

Inabeba. Punguza kasi kwenye kile kitufe chake, usiikimbize kwenye mikunjo ya kiunoni, na uweke sindano ya DBx1 namba 18. Ile namba 14 ya mashati itakatika.

CherehaniKsm (Kisumu)

Fundi, na servo yenyewe inauzwa bei gani Nakuru? Nikiiweka kabla ya Jumamosi bei ya mnada inabaki ile ile au naanza upya?

FundiNjoro (Njoro)

Bei nitumie ujumbe wa faragha. Hilo la pili muulize Wakili.